Kete Sitini na Nne kwa Meseji Moja

Meseji iliingia saa mbili usiku, umeme umekatika, nami nimekaa uani kwangu Arua, Uganda, nikimulika ubao kwa tochi ya simu: "23 12r 35". Mtu mwingine angedhani ni namba ya risiti, au ujumbe uliokosea njia. Mimi nilijua shemeji yangu wa Koboko kanila, tena kanila vibaya. 23 ni zamu. 12 ni shimo alilochota kete. Ile r ndogo inasema kwamba katikati ya safari alifika njia panda, akageuza mkono. Na 35 ni kete alizobaki nazo baada ya mkono kulala. Mimi nikabaki na 29.

Niliirudia safari yake kete kwa kete, taratibu, kama mtu anayemsomea bibi barua. Shimo la 12 lilikuwa na kete tatu. Moja, mbili, ya tatu ikaangukia shimo la 15, ambalo tayari lilikuwa na tatu, zikawa nne. Hapo angeweza kuzichota aendelee mbele kama kawaida. Akageuza: 14, 13, 12, na ya mwisho ikatua la 11, safu ya ndani, shimo lenye kete, na mbele yake mashimo yangu mawili yote yamejaa. Nilipoziokota kete zangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe na kuzimwaga upande wake, nilihisi kama mtu aliyetumwa dukani kumnunulia mwizi kufuli.

Mweso, bao letu la mashimo na kete, tunaucheza kwa meseji miaka sasa. Arua hadi Koboko si mbali, hasa tangu barabara ile ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92 toka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini, ilipowekwa lami. Lakini yeye ana kazi zake na mimi zangu, na mchezo mmoja ukichezwa ana kwa ana huleta chai, chai huleta chakula, na siku imekwisha. Kwa meseji tunacheza zamu tatu au nne kwa siku, kila mtu na ubao wake. Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, vijana walizunguka mjini wameshika simu kama watu waliopoteza mbuzi. Sisi wawili hatukupoteza hata zamu.

Jambo ninalotaka kulisifu hapa si mweso wenyewe, ingawa unastahili. Ni ufundi ulio pembeni yake, ambao watu hawautazami kwa sababu ukifanya kazi vizuri hauonekani: ufundi wa kupatana jinsi ya kusemezana. Kuna watu duniani waliokaa chini wakatunga makubaliano ili programu ya mchezo iliyoandikwa na mtu mmoja, kwenye mashine ya aina moja, iweze kucheza na programu ya mtu asiyemjua, kwenye mashine ya aina nyingine. Hakuna anayewapigia makofi. Nami nisingewajua kama mpwa wangu, mtoto wa shemeji huyuhuyu, asingenipigia simu siku moja na kuniambia, "Mjomba, nataka kompyuta yangu icheze na yako."

Lakini kabla ya kompyuta, turudi kidogo kwenye meseji, maana shule yetu ya kwanza ilikuwa pale.

Ubao wa mweso una safu nne za mashimo nane nane. Kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32, jumla kete 64. Anayetazama mara ya kwanza huona fujo: mkono unachota, unasambaza, unaangukia shimo lenye kete, unachota tena, unakula, unaanza upya, na zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara tano. Ukitaka kuieleza zamu hiyo kwa maneno utajaza ukurasa. Kumbe ndani ya fujo hiyo mtu aliamua jambo moja tu, shimo la kuanzia, na mengine yote yanafuata kanuni. Kwa hiyo tukayapa mashimo namba. Safu ya karibu na tumbo toka kushoto, 1 hadi 8. Safu ya ndani kurudi, 9 hadi 16. Namba moja inabeba safari nzima.

Kisha kuna zawadi ambayo waliobuni mchezo huu walituachia bila kujua. Kwenye mweso kete haitoki ubaoni. Ukinila, kete zangu zinahamia kwako, hazitupwi. Maana yake, wakati wowote, mchana au usiku, hesabu ya ubao lazima iwe 64. Ukipata 63, hakuna haja ya kubishana: kuna aliyekosea, au kuku amepita. Watu wa kompyuta hutumia akili nyingi kutunga hesabu za kuthibitisha kwamba ujumbe umefika salama. Wazee wa mweso waliiweka hesabu hiyo ndani ya mashimo.

Tulijivuna mapema mno. Mchezo wetu wa tatu au wa nne, shemeji alinitumia zamu ambayo kwangu haikuwezekana: alichota shimo ambalo kwenye ubao wangu lilikuwa tupu. Nikampigia.

"Shemeji, unacheza ubao upi? Shimo la 6 huna kitu."

"Nina kete tano hapo. Naziona kwa macho."

"Hesabu ubao wako."

Akahesabu. 64. Nikahesabu wangu. 64. Tukanyamaza wote wawili, na salio linaliwa.

Ilituchukua jioni nzima kulijua kosa. Ni yale mashimo manne ya kushoto: 1, 2, 15 na 16. Ukifika hapo, kanuni inakuruhusu kurudi nyuma kama kurudi huko kutakupa kete za mwenzako moja kwa moja. Inaruhusu, hailazimishi. Basi namba ya shimo la kuanzia haitoshi, maana katikati ya safari kuna mahali mchezaji anaamua tena. Yeye aligeuza, mimi upande wangu nikamwendesha mbele, na toka zamu hiyo tulikuwa tunacheza michezo miwili tofauti, kila mmoja akiushangaa upumbavu wa mwenzake. Ndipo ikazaliwa ile r. Kila njia panda iandikwe: n kwa kunyooka, r kwa kurudi. Na kwa kuwa 64 haikutukinga, tukaongeza hesabu ya kete za anayetuma, ile 35 ya mwisho. Mbao mbili zinaweza kutofautiana na zote zikawa na 64. Ni nadra zaidi zitofautiane na bado mchezaji awe na kete 35 kwenye mbao zote mbili.

Baadaye sana nilipoanza kusoma mambo haya niligundua kwamba kila mchezo una r yake. Kwenye sataranji, askari akifika mstari wa mwisho haitoshi kusema ametoka e7 kwenda e8, lazima useme amegeuka nani. Ndiyo maana programu huandika e7e8q, herufi tano pale ambapo hatua nyingine zote zina nne. Kwenye drafti jambo ni gumu zaidi. Nenda stendi yoyote ya bodaboda Arua uwatazame wanavyocheza kwa vifuniko vya soda, kimoja kifudifudi, kingine chali kuonyesha ni kingi. Kingi mmoja anaweza kutoka mraba ule na kuishia mraba ule kwa njia mbili, kila njia ikila vifuniko tofauti. Wachezaji hawana shida: mkono unapita huku wote wanaona, na asiyeona atapigiwa kelele. Ujumbe hauna mkono. Kwa hiyo DamExchange, itifaki (yaani makubaliano ya kusemezana) ambayo programu za drafti ya miraba 100 huitumia kuchezeana kupitia mtandao, katika kila hatua hutaja mraba wa kutoka, mraba wa kufika, idadi ya zilizoliwa, halafu inazitaja zilizoliwa moja moja. Aliyeandika hivyo alishawahi kupoteza jioni kama yetu. Naweza kuapa.

Sasa programu.

Mpwa wangu alikuwa na laptopu ya mitumba yenye Linux. Mimi nilikuwa na yangu yenye Windows, nzito kama tofali, betri imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inakatika. Wanaokumbuka Arua ya jenereta, kabla mitambo ya maji ya Nyagak yenye megawati 3.5 haijaanza kuupa mkoa wetu wa Nile Magharibi umeme mwaka 2012, wataniambia nisilalamike. Sawa. Kila mmoja wetu aliandika programu ndogo ya mweso kwa Python. Yake ilikuwa hodari wa kucheza. Yangu ilikuwa na picha nzuri ya ubao. Tukasema tuziunganishe, na hapo ndipo nilipokwenda kutafuta waliotutangulia.

Mwanzo wa ufundi huu haukupangwa. Mapema miaka ya 1990 kulikuwa na programu ya sataranji iitwayo GNU Chess iliyocheza kwa maandishi matupu: unaandika e2e4, inakujibu kwa hatua yake. Watu wakataka ubao wa kuonekana, ikatengenezwa XBoard, dirisha lenye picha. Lakini XBoard haikuingia ndani ya GNU Chess kuibadilisha. Ilikaa mbele yake na kujifanya mtu anayeandika kwenye kibodi. Unabofya farasi kwa kipanya, XBoard inaandika herufi nne, GNU Chess inajibu herufi nne, XBoard inasogeza picha. Injini, yaani programu inayofikiri, haikujua hata kwamba anayezungumza naye si binadamu. Tim Mann, aliyeitunza XBoard kwa miaka mingi, alikuja kuyaandika mazoea hayo yakawa itifaki kamili, na watu wengine wakaandika injini zao zikifuata mazoea yaleyale. Lugha ilizaliwa kwa kuigana, kama lugha zote. Kiswahili chetu cha Koboko, ambacho mtu wa Unguja akikisikia hucheka kwanza ndipo ajibu, kilikuja hivyohivyo na askari wa KAR, jeshi la kikoloni: hakuna aliyekitunga, kilitumika tu.

Kisha Novemba 2000 wakaja Wajerumani wawili, Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, wote waandishi wa injini za sataranji, wakatoa itifaki mpya, UCI. Hii ilitungwa. Nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyonunua, na si ndefu. Mtu anaimaliza kabla chai haijapoa.

Ninachokipenda zaidi unaweza kukijaribu mwenyewe. Pakua Stockfish, injini ya bure ambayo hakuna binadamu anayeiweza. Ukiifungua hupati ubao wala picha. Unapata dirisha jeusi na mstari mmoja wenye jina lake, basi. Inangoja. Andika uci, bonyeza kitufe. Itamwaga mistari: jina langu, walionitunga, mambo unayoweza kunirekebisha, na mwisho uciok. Andika isready, itajibu readyok. Andika position startpos moves e2e4, haitajibu kitu, maana hujauliza kitu. Andika go depth 10, na kabla hujainua kidole mistari inapanda, nimetazama kina cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi bestmove na hatua iliyoichagua. Wewe, kwa kidole chako, umechukua nafasi ya programu nzima ya kuonyesha ubao. Stockfish haijui tofauti. Kila kitu ni maandishi, mstari kwa mstari, kwa hiyo popote palipo na mashine unaweza kuiondoa mashine ukaweka mtu, na mazungumzo yakaendelea.

Hapa kwetu Walugbara wakikutana huulizana "Mi ngoni?" na jibu ni "Muke". Hakuna habari yoyote iliyopita hapo. Mtu anaweza kuwa na homa na bado akajibu muke. Lakini umejua yupo, anakusikia, na yuko tayari kwa neno linalofuata. isready na readyok ni hivyo. Itifaki inasema injini ikiulizwa isready lazima ijibu hata ikiwa katikati ya kufikiri. Isiache kufikiri; ijibu tu kwamba ipo. Sisi tulipoandika itifaki yetu ya mweso tuliziita uko na nipo.

Jambo la pili linahusu kumbukumbu. Katika itifaki ya XBoard, injini inakumbuka mchezo: unaitumia hatua mpya tu, mengine inayo. UCI haitegemei kumbukumbu ya injini. Kila zamu unaitumia mchezo wote tangu mwanzo, position startpos moves kisha hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata kama zimefika 80. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliona ni upuuzi, kama yule mzee wa ukoo ambaye kila kikao anaanza habari toka babu alipohama. Kisha nikakumbuka simu yangu na shemeji, ubao wake na wangu zilizoachana zamu sita nyuma bila mtu kujua. Mbao mbili haziwezi kuachana kama kila mara zinajengwa upya kutoka orodha ileile. Mashine haichoki kusikiliza. Sisi binadamu tunachoka, ndiyo maana kwa meseji hatutumi vyote kila mara. Tunatuma ubao mzima kila zamu ya kumi, au tukianza kutiliana shaka. Nilipiga hesabu: mashimo 32 yenye jumla ya kete 64 hayawezi kuwa na mashimo zaidi ya sita yenye namba za tarakimu mbili. Kwa hiyo tarakimu haziwezi kuzidi 38, weka na mikato 31, ni herufi 69. Meseji moja inabeba 160. Zinabaki 91 za kusalimia dada na watoto.

Na jambo la tatu ndilo lililonifanya nimsimamishe mtu njiani kumweleza. Itifaki inasema ukikutana na neno usilolijua, usigome. Lipite, soma yaliyobaki. Kisha inatoa mfano. Wenyewe walihitaji neno lisilo na maana yoyote, neno ambalo kwa hakika hakuna injini inalolijua. Wakaandika joho. Ukiambiwa joho debug on, na neno joho hulijui, fanya debug on. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza. Shemeji alivaa joho siku alipomwoa dada yangu, jeusi lenye nyuzi za dhahabu, joto lile la Februari, jasho linamtiririka na hataki kulivua. Na huko Ujerumani ni neno la kupita.

Kanuni ya joho ilitulipa baadaye. Mpwa aliongeza kwenye programu yake neno muda, ili amri ya kucheza iseme na sekunde zilizobaki: cheza muda 40. Programu yangu ya zamani haikuwa imewahi kusikia muda. Ikaliruka, ikaiona 40, haikuijua pia, ikairuka, ikacheza. Sikubadilisha hata herufi. Itifaki inayogoma kwa neno geni ingetulazimisha wote wawili kukaa chini upya kila mmoja anapopata wazo.

Kuna mtu atasema UCI imepunguza mno. Ni kweli: injini haina njia ya kusema nimeshindwa, wala kuomba suluhu. XBoard inazo zote mbili. Mimi niko upande wa kupunguza. Kukubali kushindwa ni adabu ya mezani, iachiwe walio mezani. Ila nakiri DamExchange ilinigusa: humo, kati ya jumbe chache zinazoruhusiwa, kuna ujumbe mmoja uliotengwa kwa soga. Aliyewahi kukaa stendi ya bodaboda anajua kwamba drafti bila maneno machafu kidogo si drafti.

Lakini niseme na upande wa maumivu, maana ufundi huu unajulikana pale unapokosekana.

Usiku wa kwanza wa kuziunganisha, mpwa alikuja Arua na laptopu yake. Nikaijaribu injini yake kwa mkono: nikaandika uko, ikajibu nipo. Vizuri. Nikaiagiza programu yangu iulize badala yangu. Uko. Kimya. Tukangoja dakika tano. Kwa mkono inajibu, kwa programu haijibu. Mpwa akasema labda inanichagua. Sababu tuliipata saa saba usiku na ni ya ajabu kidogo: programu ikijua inaandika kwenye dirisha la mtu, hutoa kila mstari unapokwisha, ikijua inaandika kwa programu nyingine, huona hakuna haraka, inakusanya maneno kwenye kapu, mara nyingi herufi 4096 au 8192, na haimwagi mpaka kapu lijae. Ile nipo yake ilikuwa imeshasemwa. Ilikuwa kapuni, herufi nne kati ya maelfu, inangoja wenzake. Na yangu inangoja yake. Wangengojana mpaka Nyagak ikauke. Dawa yake ni neno moja, flush, kuiamrisha imwage kapu kila inaposema.

Tukalala. Asubuhi jambo jingine. Tuliamua kuendesha programu yangu kwenye Windows na yake kwenye Linux, zikipeana mistari kwa mtandao wa simu. Yangu ikasema nipo. Yake ikaandika kwenye skrini: neno lisilojulikana, nipo. Tukalitazama. n, i, p, o. Mpwa akaiagiza mashine ihesabu herufi za neno lile. Ikasema tano.

Herufi ya tano haionekani. Ni masalia ya mashine za zamani za kupiga chapa kwa waya, ambazo mwisho wa mstari zilihitaji amri mbili: rudisha kichwa cha kuchapa mwanzo wa mstari, kisha sogeza karatasi. Windows bado inatuma zote mbili. Linux inatuma ya pili tu. Programu ya mpwa iliondoa hiyo ya pili, ya kwanza ikabaki imeng'ang'ania kwenye o kama kupe. Nikafungua tena itifaki ya wale Wajerumani, na kumbe walishasema, pale juu kabisa: alama ya kumaliza mstari inaweza kuwa hii au ile au zote, kutegemea mfumo wa mashine yako. Na tena nafasi tupu kati ya maneno ziwe ngapi tu. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi nikauona ni maneno ya kujaza. Hakuna neno la kujaza mle. Kila sentensi ni kovu la mtu.

Tukarekebisha. Kabla ya adhuhuri programu mbili zilicheza mchezo wao wa kwanza mpaka mwisho, yangu ikafa zamu ya 41. Mpwa akarudi Koboko na teksi ya saa tisa, na tangu hapo daraja kati ya mashine hizo ni chochote kilichopo. Intaneti ikiwepo, zinasemezana zenyewe. Isipokuwepo, au simu ya Koboko ikinasa minara ya ng'ambo kama inavyopenda kufanya, shemeji ananitumia meseji, mimi naisoma kwa macho na kuiandika kwenye kibodi, programu inajibu, naituma. Injini haijui kwamba waya wake ni mtu mzima mwenye miwani.

Tatizo moja tu halijaisha. Kwenye mweso inaweza kutokea safari isiyokwisha: mkono unazunguka, unachota, unazunguka, na hauangukii shimo tupu hata ungekesha. Binadamu huchoka wakakubaliana. Injini ya mpwa haichoki. Juzi iliingia kwenye safari hiyo ikaendelea kusambaza kete toka magharibi mpaka nilipoamka. UCI ina neno stop kwa injini inayofikiri kupita kiasi, nasi tumeongeza letu, simama. Bado tunabishana, mimi na kijana, baada ya simama zamu ihesabiwe ni ya nani. Yeye anasema ibatilishwe achague shimo jingine. Mimi nasema aliyeanzisha safari ameiharibu, apoteze zamu. Shemeji anasema tumuulize mzee mmoja wa Koboko, na mzee huyo tangu Jumapili yuko kwenye msiba.

Usiku huo wa zamu ya 23 nilikaa sana na ubao. Kete 29 si chache, lakini safu yangu ya ndani ilikuwa imebaki na mashimo mawili tu yenye kitu, na la 9 lilikuwa na kete sita ambazo sikupenda mahali zilipoelekea. Mvua ikaanza kudondoka. Nikaingiza ubao barazani bila kuuinamisha, nikahesabu: 64. Simu ikalia.

"uko"

Nikaandika "nipo", nikaituma, nikarudi kwenye shimo la 9.